Roboti jitu dhidi ya timu ya mashujaa: likatiwe mawimbi, litegwe kwa mantiki au livunjwe?

WinoMweusi
Habari wadau. Naandaa kibonzo cha kurasa 22: mashujaa watano na roboti moja la mita 12. Njia za kulimaliza zimebaki tatu, na zote X-Men, timu ya mashujaa wa vibonzo vya Marvel, waliwahi kukutana nazo walipopambana na Sentinel, maroboti yanayowinda mutanti (watu waliozaliwa na mabadiliko ya vinasaba yanayowapa nguvu za ajabu): kukata mawimbi yanayoliongoza (1965–66), kulitega kwa mantiki yake lenyewe (1969), au kulipiga hadi lisambaratike. Ipi inawapa wote watano kazi, asibaki mtu mtazamaji?

Fremu_Tatu
Mimi naenda na mawimbi. Soma X-Men toleo la 14 hadi la 16. Sentinel mmoja anaanguka mjini bila kuguswa na mtu, na swali la kwa nini linabaki kichwani mwa msomaji. Baadaye Profesa X, kiongozi wa X-Men, anagundua kwamba fuwele kubwa iliyo juu ya jengo ndiyo iliyokata mawimbi kutoka ngome ya Sentinel. Dalili ilitangulia, jibu likafuata. Kwa kurasa zako 22, dosari ionekane ukurasa wa 5 au wa 6, kwenye fremu ambayo wahusika wanaangalia kitu kingine. Ukiileta ukurasa wa 19, msomaji ataona umemtolea jibu mfukoni.

Udhaifu wake ni kwamba kifaa ndicho kinachoshinda. Hata pale, Master Mold, roboti kuu linalotengeneza Sentinel, hakumalizwa na timu. Ni Bolivar Trask, aliyewaunda Sentinel, ndiye aliyeharibu mtambo na kufa humo humo.

Kalamu_ya_Pwani
Basi mantiki ni bora zaidi, ila isome yote, toleo la 57 hadi la 59. Watu hukumbuka mwisho tu: Cyclops wa X-Men anawaambia Sentinel kwamba kama kazi yao ni kufuta mutanti, basi chanzo cha mabadiliko hayo ni jua, nao wanaruka kwenda kulishambulia. Kinachoifanya hoja hiyo iaminike kimewekwa kabla. Larry Trask, mwana wa Bolivar, anavuliwa medali iliyokuwa ikificha hali yake, inabainika naye ni mutanti, na Sentinel wanamgeukia papo hapo. Msomaji ameshaona kwamba sheria yao haina "isipokuwa".

Na kazi ya timu imo: Cyclops, Jean Grey na Beast, wote wa X-Men, wanavaa mavazi ya mutanti wengine watatu: Quicksilver, Scarlet Witch na Toad. Sentinel wanajiandaa kwa nguvu zisizo zao, wanapigwa na nyingine. Watatu kwa mpigo, na kila mmoja ana sababu ya kuwepo.

Rangi_Baridi
Nakubali kuhusu mavazi, lakini mwisho wenyewe ni wa mtu mmoja anayeongea. Ukiufuata, maneno ya hoja yasizidi viputo (vile vibofu vya maneno ya wahusika) vitatu vifupi, na wengine wanne wawe wanamlinda msemaji wakati huo huo.

Nguvu msizidharau. Kosa ni kumpanga kila shujaa apige kwa zamu: kurasa nne za milipuko na hakuna kilichobadilika. Panga mnyororo: wa kwanza anavuta macho ya roboti, wa pili anafungua bamba la goti, wa tatu anamrusha wa nne kama Colossus wa X-Men anavyomrusha mwenzake Wolverine, wa nne anakata nyaya za ndani, wa tano anazuia mwili usiangukie watu. Ukimtoa mmoja na mpango bado unafanya kazi, huyo hakuhitajika.

Pia roboti lipate pigo la kweli. Katika X-Men toleo la 142, Februari 1981, Sentinel anamchoma Wolverine hadi kubaki mifupa ya adamantium, chuma kisichovunjika. Baada ya fremu ile hakuna anayeuliza kama adui ni hatari.

WinoMweusi
Ukubwa unanisumbua. Nikilionyesha roboti zima, mashujaa wanakuwa sisimizi.

Fremu_Tatu
Piga hesabu. Mita 12 kwa mtu wa mita 1.75 ni karibu mara saba. Roboti likiwa sentimita 21 kwenye ukurasa, mtu ni sentimita 3, na kichwa chake kama milimita 4. Uso hausomeki hapo. Kwa hiyo roboti zima lichore mara mbili tu: linapotokea na linapoanguka. Kwingine chora kipande, yaani kiganja, goti au jicho, na mtu awe karibu nacho. Weka kitu kimoja cha kipimo kisichobadilika, kama basi au nguzo ya taa. Roboti likifika dirisha la ghorofa ya nne ukurasa wa 7 na la pili ukurasa wa 12, limesinyaa, na msomaji ataona kabla yako.

Kalamu_ya_Pwani
Basi changanya: mnyororo wa Rangi_Baridi uwafikishe ndani, sheria ya roboti ndiyo ilimalize. Na uchague mapema kama linaweza kurudi. Wale walioruka kwenda juani mwaka 1969 walirudi mwaka 1972 wakapambana na Avengers, timu nyingine ya Marvel, katika kibonzo chao matoleo ya 102 hadi 104, kwa sababu waliondoka bila kuharibiwa.

Rangi_Baridi
Ukitaka lisirudi, onyesha kiini chake kimevunjika, fremu ya karibu, bila kiputo. Moshi pekee hautoshi.