Mtoto aliyekulia ugenini na lugha ya wazazi

Mzazi Ugenini: Wakuu, watoto wakianza shule huelewa lugha ya nyumbani ila hujibu kwa lugha ya shule. Wapo wanaoshauri tuiache kabisa lugha ya nyumbani. Tufanyeje wasipoteze asili yao wala wasibaki nyuma darasani?

Mwalimu wa Lugha: Ndugu, msiiache. Lugha mbili hazimchelewishi mtoto kusema; kuchanganya maneno ni hatua ya kawaida. Akijibu kwa lugha ya shule, usimkemee wala usijifanye huelewi. Rudia alichosema kwa lugha yenu, kisha umuulize jambo linalodai maelezo. Ukiuliza "umekula?" utapata "ndiyo" tu, uliza "mmecheza nini, na ugomvi ulianzaje?" Usiku msomee au msimulie hadithi, hata dakika 15.

Bi Mlezi: Nakazia hapo. Panapoharibika zaidi ni kwa ndugu wenyewe: mkubwa akirudi na lugha ya shule, wadogo wanamfuata. Kwenye simu ya video na bibi au babu, mwacheni mtoto aongee mwenyewe, msimsemee.

Jirani Mwema: Na mzazi naye ajifunze lugha ya nchi, tafadhali. Mtoto asifanywe mkalimani hospitalini au kwenye barua za serikali. Hubeba siri na hofu za wakubwa, hukosea maneno ya dawa, na mzazi hupoteza mamlaka nyumbani. Ombeni mkalimani mnapopanga miadi, si mkishafika dirishani.