Mjadala: Timu ya NFL imechagua vizuri au imebahatisha? Tunapimaje?

Wakuu, habari za wakati huu.

Kila mwisho wa Aprili tupo wachache tunaokesha hadi saa tisa usiku kwa saa za Afrika Mashariki kuangalia drafti ya NFL: timu 32 za futiboli ya Kimarekani zinachagua vijana kutoka vyuoni, raundi saba, na aliyevurunda msimu uliopita ndiye anayeanza. Kijana hajavaa hata jezi ya mazoezi, wachambuzi wameshagawa alama. Hii A, ile F. Kwangu alama hizo zinaonyesha tu timu imekubaliana kiasi gani na orodha ya mchambuzi.

Seattle mwaka 2012 walimchukua Bobby Wagner raundi ya pili na Russell Wilson raundi ya tatu, kwotabeki (yule anayeongoza mashambulizi na kurusha mpira) ambaye wengi walimwona mfupi mno. Wapo waliowapa F. Februari 2014 hao wawili walikuwa uwanjani Seattle ikiichapa Denver 43-8 kwenye Super Bowl, fainali ya ligi.

Sasa kuna wanaosema subiri miaka mitatu, kisha hesabu nyota. Hapo napo nakataa, maana nyota mmoja anafunika madudu mengi. Tuwaangalie San Francisco. Mwaka 2021 walitoa machaguo (yaani zamu za kuchagua, ambazo timu hubadilishana) matatu ya raundi ya kwanza, na moja la raundi ya tatu juu yake, ili wapande hadi zamu namba 3 wamchukue kwotabeki Trey Lance. Akaanza mechi nne tu. Agosti 2023 wakampeleka Dallas, wakapewa chaguo moja la raundi ya nne. Katikati ya hayo, 2022, wakamchukua Brock Purdy, kwotabeki mwingine, namba 262, wa mwisho kabisa, naye akawafikisha Super Bowl ya Februari 2024. Basi watu wanasema San Francisco wana jicho. Jicho lipi? Mwaka huo walichagua wachezaji wanane kabla yake. Ungekuwa unajua una lulu, ungeiacha mezani mpaka zamu ya mwisho, kila timu ikipita hapo?

Hata Tom Brady, kwotabeki aliyekuja kutwaa Super Bowl saba, ni hivyohivyo. Mwaka 2000 New England Patriots walichagua sita kabla ya kufika kwake, namba 199. Ile picha yake ya majaribio mnaikumbuka: kaptula tu, mwili laini, na yadi 40 alikimbia kwa sekunde 5.28. Sifa ninayowapa Patriots ni ya baadaye: msimu ule walibaki na makwotabeki wanne kikosini, jambo la nadra sana, ili wasimpoteze kijana wa raundi ya sita. Hiyo ni kazi ya kulea, si ya kuchagua. Philadelphia nao walimchukua Jordan Mailata 2018, namba 233, mchezaji wa raga kutoka Australia ambaye hakuwa amecheza mechi hata moja ya mchezo huu. Walimfundisha kuanzia jinsi ya kusimama.

Kwa hiyo mimi naanza na bei, yaani timu imetoa nini ili kumpata mchezaji. Watafiti Cade Massey na Richard Thaler walilinganisha wachezaji wa nafasi moja waliochaguliwa wakifuatana, wakakuta uwezekano wa yule wa kwanza kumzidi anayemfuata ni kama asilimia 52. Karibu sawa na kurusha shilingi! Anayetoa machaguo matatu ili apate moja ananunua uhakika ambao haupo sokoni. Hukumu yangu kwa San Francisco wa 2021 ingekuwa ileile hata kama Lance angefaulu.

Kuna hoja moja inayonisumbua, na siikwepi. Mwaka 2017 Kansas City walipanda kutoka namba 27 hadi 10, wakatoa na chaguo lao la raundi ya kwanza la mwaka uliofuata, wakampata Patrick Mahomes, kwotabeki aliyekuja kuwa nyota mkubwa. Kwa kipimo changu walilipa ghali. Ila nao walimkalisha nyuma ya kwotabeki mzoefu Alex Smith karibu msimu mzima, chini ya kocha Andy Reid, kabla ya kumkabidhi timu.

Mnaowapa Kansas City A ya mwaka ule, nijibuni hili: Chicago walikuwa na namba 2 wakamchukua Mitchell Trubisky, kwotabeki ambaye hakufikia matarajio. Wangemchukua Mahomes na kumlea kwa namna waliyomlea Trubisky, leo tungekuwa tunamwitaje?