Anayebadilisha kifaa cha kufungasha programu arekebishe na mwongozo wake?

Ndugu zangu, mimi nasema ndiyo. Kazi yake isihesabike imekwisha mpaka ukurasa unaokieleza kifaa hicho uwe umerekebishwa.

Mimi na mdogo wangu, hapa Kadutu, Bukavu, tulikuwa tunafungasha orodha ya maneno ya kusahihisha tahajia ya Kiswahili iwe kifurushi cha Debian, mfumo huria wa kompyuta unaotengenezwa na watu wa kujitolea. Mega tulinunua kwa pesa ya mfukoni, na umeme ulikuwa unakuja usiku tu. Mwongozo wa kwanza ulituambia tuunde faili la debian/compat, ndani tuandike 9, namba ya kuonyesha tunafuata taratibu za toleo gani la debhelper, programu ambayo ndiyo kifaa chenyewe cha kufungasha. Wa pili ukasema namba hiyo inawekwa katika debian/control, kama debhelper-compat (= 13). Tukafuata yote miwili, maana hakuna uliosema ni wa mwaka gani. Ujenzi ukakwama: debhelper haikubali kutajiwa namba hiyo mahali pawili. Ukurasa ule wa kwanza ulitutuma pia Alioth, ambako watu wa Debian walikuwa wakihifadhi kazi zao. Pamefungwa tangu 2018, wakahamia Salsa. Siku tatu zimekwenda hivyo.

Mkubwa mmoja anayefungasha programu tangu zamani alinipinga: watunzaji wa vifurushi na vifaa vyake wanajitolea, ukiwaongezea kuandika watachoka na kuacha. Namheshimu. Lakini kazi hiyo ikiachwa haipotei, inamwangukia mgeni ambaye hajui hata kilichobadilika. Aliyebadilisha anakijua, na kwake ni mistari michache.

Tena Debian yenyewe imeshaonyesha njia. Sera yake, yaani kanuni za kutengeneza vifurushi, ina orodha ya mabadiliko, toleo kwa toleo, na kila kifurushi hutaja kwenye mstari wa Standards-Version kinafuata toleo gani la sera. Mtunzaji aliyekaa miaka miwili bila kukigusa anasoma yaliyobadilika katikati, basi. Miongozo ya wanaoanza nayo ifanye hivyo: tarehe juu kabisa, na toleo la kifaa kando yake. Ukurasa usio na mlezi uondolewe njiani.

Hapo kwenye kuondoa najua wengi watanikatalia, kwa sababu mwenye mashine ya zamani bado anahitaji maelezo ya zamani. Mimi ningeyaweka mahali pake, yenye alama wazi, anayeanza leo asiyakute kwanza. Ninyi mngeyaacha pale pale?