Wakuu, naomba ushauri: mgahawa wa hadhi hapa Dar wa kuwakirimu wateja kutoka Lubumbashi

Kontena_Arobaini (mleta mada)

Wakuu, habari za jioni.

Nipo kwenye kampuni ya uwakala wa forodha hapa Dar. Alhamisi ijayo tunapokea wageni watatu kutoka Lubumbashi. Shaba yao kwa sasa inashuka Durban, na wanafikiria kuhamishia sehemu ya mzigo huo bandari yetu. Mkataba bado haujasainiwa. Mchana watakuwa ofisini na kutembezwa bandarini, usiku bosi anataka tuwakirimu chakula mahali pa heshima. Kazi ya kuchagua mahali nimepewa mimi.

Tutakuwa sita, wao watatu na sisi watatu. Mkubwa wao ni Mkongo, mtu mzima, anaongea Kiswahili cha kwao na Kifaransa, Kiingereza kidogo. Wa pili ni mhasibu wao, Mwislamu anayeshika dini. Wa tatu ni Mhindi aliyekulia Ndola, Zambia, ameniandikia kwa upole kwamba yeye ni Mjaini (dini yenye asili ya India), hali nyama, samaki wala mayai. Wamefikia hoteli ya Posta na kesho yake ndege yao ni asubuhi.

Bajeti ni milioni moja, ikizidi kidogo bosi atavumilia. Nimefikiria sehemu tatu: Karambezi pale Sea Cliff kwa ajili ya bahari, Addis in Dar kwa sababu Wahabeshi wana vyakula vingi visivyo na nyama, na Level 8 juu ya Hyatt kwa ajili ya mandhari. Bosi anataka pia tumwalike ofisa mmoja wa taasisi ya serikali tunayofanya nayo kazi, ili wageni waone tuna watu.

Nisaidieni wakuu. Mkataba huu ukija, wenzangu wengi ofisini wanapata uhakika wa ajira.

Mtoto wa Ilala

Sea Cliff mkuu. Upepo wa bahari, kamba wa kuchoma, watu wa bara wanapenda sana. Usiumize kichwa.

Kapteni_Mstaafu

Mleta mada, nimehudumia meza za namna hii miaka mingi kwenye hoteli za jiji hili, naomba niseme kwa kirefu kidogo.

Kwanza, mtakula saa ngapi? Hilo hujatuambia, na ndilo linaloamua mambo mengi. Dar jua linazama kwenye saa kumi na mbili na nusu, mwaka mzima linapishana kidogo tu. Karambezi imekaa ukingoni mwa bahari, na mchana au alasiri ni mahali pazuri sana, simkatalii Mtoto wa Ilala. Ila mkifika saa mbili usiku, mbele yenu kuna giza. Mtakuwa mnalipia bahari msiyoiona. Tena kule nje upepo ukivuma mezani, mzee akiongea taratibu aliyekaa upande wa pili hasikii.

Sasa jiulize hao wageni wana hamu ya kuona nini. Mzigo wao unatembea karibu kilometa 2,000 kutoka Kasumbalesa, mpakani mwa Kongo na Zambia, unapita Zambia, unaingia Tunduma hadi hapa. Wanachotaka kukijua ni bandari. Usiku bandari ya Dar inawaka taa, meli unaziona zimefunga gatini. Hoteli za upande wa Kivukoni na Sokoine, yaani Hyatt, ile wazee tunaiita Kempinski ya zamani, na Johari Rotana, zinatazama maji ya bandari. Pale huna haja ya kuanzisha mazungumzo ya biashara. Mgeni mwenyewe atanyoosha kidole aulize ile meli imebeba nini.

Level 8 ni baa. Kuna muziki, na yule mhasibu wao Mwislamu atakaa katikati ya chupa. Kama mkubwa wao atapenda kinywaji kimoja baada ya chakula, mpandishe yeye na bosi wako, wengine wapumzike.

Halafu wamefikia Posta na wana ndege asubuhi. Kwa nini uwavushe kwenda Masaki iliko Sea Cliff? Ni kweli tangu Daraja la Tanzanite lifunguliwe 2022 safari imekuwa nyepesi, unapita hospitali ya Aga Khan unatokea ufukwe wa Coco. Lakini jioni magari yote yanatoka mjini, nanyi mtakuwa ndani ya msururu huohuo.

Binti wa Upanga

Naomba niseme kuhusu mgeni Mjaini, maana naona wengi mtadhani ni mtu asiyekula nyama tu, basi.

Mjaini anayeshika dini hali pia vitu vinavyochimbwa ardhini: vitunguu maji, vitunguu saumu, viazi, karoti. Tangawizi mbichi wengi wanaiacha. Kwa hiyo Addis naipenda sana, lakini kwake itakuwa mtihani. Mchuzi wa Kihabeshi unaanza na vitunguu vingi vinavyokaangwa taratibu mpaka viyeyuke, hata ule wa dengu. Mpishi hawezi kuvitoa, vimeshakuwa mchuzi. Na sinia ni moja, mnachovya wote pamoja, nyama ipo pembeni ya mboga zake. Atabaki na injera (ule mkate wao laini kama chapati) na saladi, na kwa adabu yake hatasema kitu.

Jambo la pili ni kubwa zaidi. Wapo Wajaini ambao hawali kabisa baada ya jua kuzama. Wengine wanafuata hilo siku maalumu tu, wengine siku zote, wengine hawafuati. Mwandikie leo, muulize moja kwa moja. Hatakasirika, atafurahi mno kwamba umejua la kuuliza. Kama hali usiku, badilisha mpango mzima uwe chakula cha mchana. Usimweke mtu mezani saa mbili anywe maji huku wenzake wanakula.

Jikoni wakijulishwa mapema wanaweza kumpikia vizuri tu. Paneer (jibini ya Kihindi), dengu, bamia, njegere, nyanya, wali wa jira, ladha inatiwa kwa hing, kiungo cha Kihindi, badala ya kitunguu. Migahawa ya Kihindi ya Kisutu na Upanga ukisema tu "Jain" wanakuelewa. Kwenye hoteli kubwa omba kuongea na mpishi wa Kihindi mwenyewe, siyo anayepokea simu, na usisitize sufuria iwe yake peke yake.

Kapteni_Mstaafu

Binti wa Upanga amesema kweli tupu. Mjulishe mpishi siku mbili kabla, siyo asubuhi ya siku yenyewe. Nyanya iliyokwisha kukaangwa na vitunguu inapikwa kwa wingi asubuhi na inaingia karibu kila mchuzi. Ukiagiza ghafla usiku, mhudumu atakuambia "haina shida" kwa sababu amefundishwa kusema hivyo.

Wakili_wa_Pembeni

Mimi sijui vyakula. Nimesimama kwenye ile sentensi kuhusu ofisa wa serikali.

Mwondoe kwenye orodha. Kumlisha mteja wa kampuni binafsi ni ukarimu wa kawaida wa biashara. Kumlisha ofisa ambaye ana uamuzi juu ya mizigo yenu ni jambo jingine, na Sheria ya Kuzuia na Kupambana na Rushwa ya 2007 haihitaji bahasha ili kosa litimie, manufaa yoyote yanayotolewa kumshawishi mtu katika kazi yake yanatosha. Na kabla ya yote, hakikisha kampuni ya hao wageni ni binafsi kweli. Kongo kuna kampuni za migodi ambazo serikali ina hisa. Wengi pia wana kanuni zao za ndani kuhusu zawadi na chakula, waulize kwa barua pepe fupi kama kuna kiwango.

Na mfikirie mgeni anavyoliona jambo hili. Unamwonyesha kwamba shehena yake itatoka kwa sababu mnajuana na fulani. Siku fulani akihamishwa, je? Mwambie bosi kwa heshima kwamba wateja wa aina hii wanataka kuona mfumo unaofanya kazi hata kama hamumjui mtu yeyote.

Katangais_243

Jambo bandugu, mimi niko Lubumbashi, nasoma uzi huu na furaha.

Muongee naye Kiswahili. Batu ba huku wakifika Dar wanakuta kila mtu anawapa Kiingereza, wanajiona wageni kabisa. Kiswahili chetu na chenu vinatofautiana lakini tunasikilizana, na mzee atafunguka. Mhudumu pia awe wa kuongea Kiswahili na wageni, asiwageukie kwa Kiingereza kila dakika.

Chakula, usimwekee mambo ya ajabu. Huku tunakula bukari (ugali wetu) na samaki, na samaki wetu ni wa maziwa na mito. Samaki mkubwa wa baharini, mbichi wa siku hiyo, amechomwa mzima na kichwa chake, hiyo ni heshima. Pweza na ngisi usimwagizie, acha achague mwenyewe. Na kama hoteli inaweza kuleta ugali mzuri pembeni, mlete, hata kama meza ina nguo nyeupe.

Bei na siku za lori msianze nazo. Muulize safari, muulize familia. Yeye mwenyewe atafika kwenye mambo ya kazi, mara nyingi wakati sahani zinatolewa.

Fundi_Mahesabu

Upande wa hela. Dai risiti ya EFD (mashine ya kodi) yenye jina na TIN (namba ya mlipakodi) ya kampuni palepale, usikubali "tutakutumia". Ila mwambie mhasibu wenu asiweke ile VAT ya asilimia 18 kwenye madai yenu, kodi ya chakula cha kukirimu wageni hairudi kwa kampuni ambayo biashara yake siyo hiyo. Wengi wanaiingiza kisha wanasumbuana na TRA.

Kanuni za 2025 zinataka bei na malipo ya ndani yawe kwa shilingi. Mkongo amezoea dola mfukoni, anaweza kutaka kulipa. Hoteli isiipokee, na wewe usimwache afike huko. Angalia pia kiwango cha kadi yako kwa siku, benki nyingi zimeweka kikomo, piga simu wakipandishe mapema.

Chakula cha watu sita milioni moja inatosha. Kinachovunja bajeti ni kambakochi na mvinyo. Mvinyo mnao wanywaji wachache, chagueni chupa mapema na bei yake mkiijua.

Mama Kihesa

Angalia ratiba ya mpira! Kama Alhamisi hiyo kuna mechi ya Simba au Yanga, kila sehemu yenye televisheni itakuwa kelele. Uliza pia kama wana bendi usiku huo, au kuna harusi ukumbi wa jirani.

Kontena_Arobaini (mleta mada)

Wakuu, asanteni sana, sikutegemea kupata haya yote.

Mgeni wa Ndola amejibu ndani ya saa moja. Usiku anakula, isipokuwa siku chache za mfungo wake ambazo hazijafika. Vitunguu na viazi hali, na ameshukuru sana kuulizwa. Kwa hiyo tumeweka saa mbili kamili usiku, mhasibu wao atakuwa ameshaswali Isha. Pombe haitakaa mezani, mzee akitaka atapelekwa juu baada ya chakula.

Jana usiku nilikwenda moja ya hoteli za Kivukoni saa ileile tutakayokula. Meza niliyooneshwa kwanza ilikuwa chini ya spika na mlango wa jikoni unafunguka mgongoni. Nimeomba ile ya duara kwenye kona ya dirisha, taa za bandari zinaonekana. Mpishi wa Kihindi nimeonana naye ana kwa ana, ameandika kila kitu kwenye kidaftari chake. Samaki mzima atachomwa, ugali upo. Ofisa ametolewa, bosi alinuna kidogo halafu akaelewa aliposikia habari ya sheria.

Kapteni, imebaki moja: bili. Sitaki iletwe mezani.

Kapteni_Mstaafu

Fika nusu saa kabla yao. Kadi mkabidhi meneja wa zamu, mwambie bili isiletwe na asipokee malipo ya mtu mwingine yeyote hata akisisitiza. Wakati wa kahawa toka kama unakwenda maliwatoni, weka namba ya siri, hakiki bili mstari kwa mstari, chukua risiti ya EFD, rudi ukae. Bakshishi iandae kwa shilingi taslimu na umpe kaptini (mkuu wa wahudumu) wa meza yenu kabla wageni hawajasimama, ili lifti iwe imeshaitwa mkitoka. Mzee mpe kiti kinachotazama dirisha, bosi wako mkono wake wa kulia, na wewe kaa karibu na njia wanayopita wahudumu. Dereva wa hao wageni, kama wanaye, hakikisha naye amepewa chakula.

Kontena_Arobaini (mleta mada)

Dereva nilikuwa sijamfikiria kabisa. Namwongeza kwenye oda sasa hivi.