Chuo chenye jina kubwa, kinalipa kweli?

Chaki: Wakuu nimepata ofa mbili za uhadhiri, moja chuo kikubwa chenye jina ila mkataba wa miaka 3, nyingine chuo kidogo ajira ya kudumu. Nichukue ipi?

Msomaji: Mi nilikaa hicho kikubwa miaka 4. Ukituma imeili popote unajibiwa fasta, hilo nakubali, ila presha ya kuchapisha tafiti we acha tu, saa nane usiku nasahihisha mitihani na asubuhi wanadai ripoti ya ruzuku ya utafiti.

Mzee wa Maabara: Uliza njia ya kupata ajira ya kudumu hapo kikubwa kwanza! Marekani kwa kawaida unapimwa kama unastahili kudumu mwaka wa 6 hivi, ukikosa unapewa mwaka mmoja wa mwisho unaondoka.

Mama Wawili: Nenda hicho chuo kidogo ndugu yangu, wanafunzi utawajua kwa majina.