Mjadala: Kudeti mtu mwenye usonji si kazi ya kujitolea, kwa hivyo msinipongeze

Naleta hii mambo hapa wazi tuiongee kwa sababu imenikaa rohoni na najua humu kuna watu wa Kisumu, Kakamega, Busia mpaka Nakuru na kila mtu ako na maoni yake. Juzi kwa semina ya vijana wa kanisa hapa Kisumu msichana mmoja aliandika swali kwa karatasi, kwamba kuna kijana wanapendana na huyo kijana ana usonji, ile Kizungu wanaita autism, je aendelee ama waachane. Mshauri wa ndoa akajibu kwamba huyo si mume, huyo ni mtoto utamlea, lakini kama Mungu amekupa huo moyo basi wewe ni malaika. Watu wakapiga makofi.

Mimi mpenzi wangu ana usonji na tunapanga ayie, ile sherehe ya Kiluo ya mwanaume kuja kwa familia ya msichana kuposa. Msimamo wangu nausema mapema ndio mtu asidhani nazunguka: yule anayesema mtu mwenye usonji si wa kuolewa, na yule anayeniambia nina roho ya ajabu kwa kumpenda, wanasema kitu kimoja. Wote wameshaamua kwamba yeye ni mzigo, tofauti ni kwamba wa pili ananisifu mimi kwa kuubeba. Na ananisifu huku mpenzi wangu mwenyewe amesimama pale anasikia, kwa sababu watu wakijua una usonji wanaanza kuongea juu yako kama hauko.

Sasa huyo mzigo ni nani. Ni fundi wa simu na redio pale mjini, mtu ambaye wateja wanamtafuta kwa jina juu akikuambia simu itakuwa tayari saa tisa ni saa tisa, hakuna zile hadithi za rudi kesho. Hapendi Kondele, ile steji kubwa hapa Kisumu, jioni, zile honi na spika za matatu na watu wanagusana zinamlemea mpaka anaacha kuongea kabisa, na akifika hapo anataka kukaa kimya mahali pa giza kiasi mpaka sauti irudi. Harufu ya omena ikipikwa ndani ya nyumba inamtoa nje, si kiburi, mwili wake unaipokea kwa nguvu kuliko wangu. Kwa hivyo omena nakula kwa mamangu. Mtu akiniambia huko ni kuteseka kwa ajili ya mapenzi nashindwa nimjibu nini, kwa sababu najua wanawake wengi hapa mjini ambao wanavumilia mambo mabaya kuliko kula omena kwa wazazi na hakuna anayewaita malaika.

Na yeye pia anajipanga kwa ajili yangu, hiyo watu hawaulizangi. Mimi ni mtu wa kuongea, nikitoka job nataka kumwaga mastori yote ya siku, na yeye amejifunza kukaa na kuskiza hata ile siku angependa kimya, na akichoka ananiambia wazi nimechoka tuendelee kesho, hanuni. Kwanza huo uwazi ndio ulinivuta kwake. Nimedeti wanaume wa kusema nitakupigia halafu wiki inaisha.

Hapo kuna kitu lazima nikae nacho kidogo, hii maneno kwamba watu wenye usonji hawajui kuwasiliana. Si mnajua vile sisi huku tunaongea. Mtu ako bado anaoga Mamboleo anakuambia kwa simu niko hapo tu Kondele nafika saa hii, na wewe unajua hajatoka, na yeye anajua unajua, maisha inaendelea. Mpenzi wangu ukimwambia niko Kondele anaamini uko Kondele, anatoka anaenda kukungoja stejini kwa jua. Sasa kati ya hao wawili ni nani ana shida ya mawasiliano? Kuna msomi wa Uingereza anaitwa Damian Milton, mwenyewe ana usonji, mwaka 2012 aliandika kwamba hii kutoelewana ni ya pande mbili: mwenye usonji anapata ugumu kumsoma asiye nao, na asiye nao pia anapata ugumu uleule kumsoma mwenye nao, lakini lawama yote inaenda upande mmoja kwa sababu upande mwingine ndio wengi. Mimi nilivyoelewa hivyo sisi wawili tuliacha kuulizana nani ana kasoro, tukaanza kuulizana ulimaanisha nini. Nikisema niko sawa na siko sawa, ananiuliza, na mimi namjibu ukweli. Wale mko kwa ndoa jaribuni hiyo hata kama kwenu hakuna usonji.

Kitu kingine kinachoharibu huu mjadala ni kwamba tukisikia usonji tunaona mtoto. Kila mwaka tarehe 2 Aprili, siku ya usonji duniani, picha zote ni za watoto, na ndio maana mshauri wa ndoa anaweza kusimama mbele ya watu aseme utamlea. Hawa watoto wanaendaga wapi? Daktari mmoja anaitwa Leo Kanner alipoandika ripoti yake ya mwaka 1943 kuhusu usonji kule Marekani alieleza watoto 11, na wa kwanza kwa orodha alikuwa Donald Triplett wa Mississippi. Huyo Donald alikua, akasoma mpaka chuo kikuu, akafanya kazi benki miaka mingi, akaendesha gari, akacheza gofu, akatembea nchi nyingi, akafa 2023 akiwa mzee wa miaka 89. Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba mwaka 2021 mtu 1 kati ya 127 duniani alikuwa na usonji. Sensa ya 2019 ilihesabu kaunti ya Kisumu watu 1,155,574, ukipiga hesabu kwa kiwango hicho cha dunia unapata watu zaidi ya 9,000 kwa kaunti moja tu. Ni makadirio, sawa, lakini hao si watoto wote, wengine ni wafanyakazi wenzako, ni makonda, ni walimu, ni waume na wake za watu, na wengi hawajawahi kuambiwa na daktari yeyote.

Tuje kwa maneno. Naskia watu wanasema tunajali maneno sana, kwamba ukisema "anaugua usonji" ama "hajakamilika" ni kuongea tu. Hapana. Katiba yetu ya 2010, kifungu cha 54, inasema mtu mwenye ulemavu ana haki ya kuheshimiwa na kuitwa kwa namna isiyomdhalilisha, imewekwa hapo pamoja na haki ya kupata elimu na kuingia majengo, kwa hivyo waliotunga hawakuona ni jambo dogo. Ukisema anaugua, swali linalofuata ni atapona lini, na shangazi zangu waliuliza hilo swali, wakaenda mpaka kuuliza kama ameshaombewa. Ukisema ni chira, ile laana Wajaluo wanasema inaletwa na kuvunja mwiko, basi unatafuta nani aliuvunja, na mara nyingi atakayepatikana ni mamake. Na msidhani ni sisi tu, kule Marekani miaka ya 1950 na 1960 wasomi wakubwa kama Bruno Bettelheim walifundisha kwamba usonji unaletwa na mama baridi asiyempenda mtoto, mpaka Bernard Rimland, ambaye kijana wake alikuwa na usonji, akaandika 1964 kuonyesha kwamba ni namna ubongo umeumbwa. Akina mama walibebeshwa hiyo hatia miaka yote hiyo bure.

Na ile ya vijana kuambiana "wacha usonji" mtu akikosea kitu kidogo, hiyo iishe.

Lakini pia sitaki tuletewe orodha ya maneno kutoka nje tukariri. Uingereza walifanya utafiti ukachapishwa 2016, wakauliza watu zaidi ya 3,000, na hawakukubaliana. Watu wazima wenye usonji wengi walipenda usonji utajwe kama sehemu ya mtu mwenyewe, wataalamu wengi wakapenda kumtaja mtu kwanza halafu usonji. Mpenzi wangu anasema "nina usonji" vile anasema ni mrefu, na hataki kabisa "anayeugua" wala "mtu spesho". Mwingine atataka tofauti. Muulize, ako hapo.

Sasa wale mnaonipinga. Kuna mama mmoja wa upande wa Bungoma aliniambia kwa uchungu kwamba mimi napamba, kijana wake ana miaka 19, haongei, anajiuma mikono, halali, na mimi nakuja na stori za fundi wa simu. Mama, nakuskia, na sitakuambia kwamba maisha yako ni kama yangu. Usonji ni mpana, kuna wanaohitaji msaada kidogo na kuna wanaohitaji mtu saa 24, na hapa kwetu huo msaada umeachiwa mama peke yake. Kuhusu mapenzi pia nakubali kuna watu ambao hawawezi kutoa idhini wakielewa wanachokubali, na wako wanaume na wanawake wanaowawinda hao, hiyo ni jinai na nitakuwa wa kwanza kupiga ripoti. Lakini idhini inaangaliwa kwa mtu mmoja mmoja, je anaelewa, je anaweza kukataa, je akikataa anaskizwa. Haiangaliwi kwa jina la hali yake. Ukifunga mlango kwa wote juu ya wale wasioweza, umewanyang'anya wanaoweza kitu ambacho Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa haki za watu wenye ulemavu, ambao Kenya iliuridhia 2008, unawapa waziwazi kwa kifungu cha 23: kuoa, kuolewa na kuwa na familia.

Wengine wanauliza na watoto je. Nawajibu ukweli, usonji una sehemu kubwa ya kurithi, jeni ni nyingi zinahusika, na tunaweza kupata mtoto mwenye usonji. Tumeongea hiyo. Akizaliwa atakuwa na baba anayejua kwa nini spika inauma.

Sasa lile linalonisumbua na ambalo nataka hasa mchangie. Wajomba wangu wanasema familia lazima iambiwe kabla ya ayie, kwamba kuficha ni udanganyifu. Mamangu anajua na hana shida. Mimi naona hiyo ni habari yake, si yangu wala ya kamati ya harusi, na kama tutasimama mbele ya wazee kutangaza ya kwake basi tutangaze pia presha ya babangu na deni la kakangu kwa sako. Yeye mwenyewe anataka kuwaambia, lakini kwa kuandika, barua moja kwa kila mjomba, kwa sababu mbele ya watu wengi maneno humkwama. Wajomba wanasema barua ni dharau, mwanaume anakuja anasimama anaongea. Amenisomea hiyo barua, iko wazi kuliko hotuba yoyote nimeskia kwa harusi. Wale mnajua mila vizuri kuliko mimi, na hasa nyinyi wenye usonji mlio kwa ndoa ama mnadeti, niambieni: akikubali kusimama ili wajomba waridhike, atakuwa ameonyesha heshima, ama tutakuwa tumeanza hii ndoa kwa kumlazimisha aigize mtu mwingine?