Naomba ushauri: mdogo wangu anasema amechoka kuishi

Bwana asifiwe wapendwa, naombeni msaada wenu. Mdogo wangu wa kiume naishi nae hapa Mbagala, tangu apunguzwe kazini ni mtu wa kulala tu, chai unamwekea inapoa mpaka inaweka utando, na juzi kaanza kugawa mashati yake mazuri kwa majirani. Nikamuuliza waziwazi, unawaza kujiua? Akasema ndio, anaona atatupunguzia mzigo. Siku hizi hatumwachi peke yake. Kanisani wakamwambia ana pepo na imani haba, toka hapo hataki kusikia maombi, na hilo limeniuma sana. Nikimsomea 1 Wafalme 19 anatulia kidogo, maana hata Elia aliomba afe na Mungu hakumkemea, alimtumia malaika na mkate na maji, akala akalala tena. Sasa nataka nimpeleke Muhimbili kwa madaktari wa afya ya akili ila anaogopa kuitwa chizi. Mliopitia hili, mlimshawishije mtu wenu akakubali? Na kuna mchungaji huku Temeke anayesikiliza kwanza kabla ya kukemea? Nijibuni mapema jamani, kesho asubuhi nataka tutoke.